Moya, Mbili, Tatu, Ine

Nianze na hukumu, maelezo yatafuata. Tamasha la roki tulilokwenda kuona Nengo, mjini Gisenyi, lilikuwa baya kwa dakika arobaini za kwanza. Halafu likawa zuri sana, mwimbaji akaliharibu kwa maneno yake, kisha likapona. Kiingilio kilikuwa franga elfu tatu. Najua franga elfu tatu kambini ni kitu gani: ni sabuni, ni chumvi, ni mkaa. Bado nasema hatukuibiwa.

Wengine wameniuliza kwa nini niandike juu ya jioni ya starehe katika jarida ambalo kawaida linaandika juu ya safari, msiba na shule za watoto. Naandika kwa sababu sisi huulizwa mambo mengi: tulitoka wapi, tuko wangapi nyumbani, nani mgonjwa. Swali moja haliulizwi, nalo ni kama muziki ulikuwa mzuri. Basi mimi nalijibu bila kuulizwa.

Kwa ambao hamjafika, Nengo ni sehemu ya mji wa Gisenyi, wilaya ya Rubavu, kwenye Ziwa Kivu. Ukitembea ufukweni usiku unaona taa za Goma. Mgeni ataona ni taa nzuri juu ya maji, atapiga picha, ataenda kula sambaza. Mtu wa Kivu akisimama hapo anatafuta mtaa wake kwa macho. Tulikuwa wane: mwalimu mmoja wa kambi yetu, fundi wa simu, dada mmoja wa Rutshuru aliyefika 2023 akapitia Nkamira, na mimi. Karatasi za ruhusa tulikuwa nazo, na malazi tulipata Mbugangari kwa shangazi yake fundi.

Jukwaa lilikuwa la mbao, kwenye uwanja wa baa moja, na bafle mbili kila upande. Bango la mlangoni liliandikwa saa, kiingilio na neno roki. Jina la bendi halikuwepo, na wao wenyewe hawakulitaja usiku kucha. Walikuwa vijana watano: mwimbaji, gitaa mbili, besi, na yule wa ngoma za bendi, zile tunazoita batri. Hakukuwa na kinanda wala kompyuta.

Hilo la kompyuta ni muhimu. Matamasha mengi yanayotufikia ni ya pleibeki. Msanii anashika maikrofoni, mtu anawasha wimbo, msanii anaimba juu ya sauti yake mwenyewe. Siwalaumu, bendi ni ghali kulisha na kusafirisha. Lakini pleibeki haisubiri mtu. Mkipenda kiitikio, hairudii. Mkichoka, haifupishi. Bendi inayopiga yenyewe inawaona mlivyo mbele yake na inaweza kubadili mawazo. Rubavu inajua habari hiyo vizuri, maana shule ya muziki ya Nyundo ilifunguliwa katika wilaya hii mwaka 2014, kabla haijahamia Muhanga, na vijana waliotoka pale wameirudisha bendi kwenye majukwaa ya Rwanda.

Sasa zile dakika arobaini. Vijana walipiga nyimbo za Marekani na Uingereza, moja baada ya nyingine, kama walivyozisikia kwenye simu. Kosa si kuiga, kila mpiga gitaa duniani alianza kwa kuiga. Kosa ni kwamba waliiga mpaka mashine. Mnajua nyimbo nyingine zilizorekodiwa huishia kwa kufifia: fundi wa studio anashusha sauti polepole mpaka inapotea. Hawa nao wakafifia! Watu watano wazima, jukwaani, wakapunguza mkono kidogo kidogo, kidogo kidogo, kama waumini wanaotoka kanisani kwa kunyata kabla ya sadaka. Watu hawakujua wapige makofi saa ngapi. Mwimbaji alikuwa akimeza maneno ya Kiingereza nusu nusu, na besi ilikuwa imepandishwa juu kiasi kwamba gitaa zilisikika kama redio ya jirani. Mwalimu, ambaye ni shemasi na mtu wa kwaya, alinikunjia uso: "Hii ndiyo roki?" Nikamwambia asubiri.

Wimbo mmoja tu wa kuiga ulisimama, nao ni ule wa Queen wa mwaka 1977 unaokwenda kwa miguu na makofi: miguu mara mbili, kofi mara moja. Ulisimama kwa sababu uwanja wote uliupiga. Mwenye viatu, mwenye kandambili, mama aliyekuwa anachoma mishikaki, wote. Wimbo ambao sehemu kubwa yake iko kwenye miguu ya wasikilizaji hauwezi kuharibiwa na fundi wa sauti.

Niseme sasa juu ya kelele, maana hapo ndipo roki inapotuhusu sisi.

Dada yetu hakuingia mpaka ndani. Alisema tangu mwanzo: "Yaya, mi nabakia hapa ku mulango. Ile ngoma ikinishinda, natoka, musinitafute." Hatukumlazimisha. Aliyesikia mabomu hahitaji mtu wa kumweleza kwamba ngoma si bomu. Kichwa kinajua, ni mwili ambao haujakubali. Wala si wakimbizi peke yetu. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, makombora yaliangukia na upande huu wa Rubavu, yakaua watu. Wenyeji waliokuwa pale uwanjani nao walibeba masikio ya namna hiyo.

Na roki ni muziki wa sauti kubwa kwa makusudi. Gitaa yenyewe inatiwa umeme mpaka sauti ipasuke. Kwa hiyo swali ni la haki: muziki kama huu unawafaa watu waliokimbia milio? Kambini wapo walioshajibu kwamba haufai, tupewe kwaya na gitaa kavu, mambo ya kutuliza roho. Nia yao ni njema, lakini wanadhani masikio yetu ni kidonda tu.

Nilimtazama dada zaidi ya nilivyotazama jukwaa. Wimbo wa kwanza alishtuka. Wa pili alishtuka kidogo. Kuanzia wa tatu alikuwa ametoa macho kwa mpiga batri, hamwachi. Tulipopumzika nikamuuliza anaangalia nini kule. Akajibu: "Anahesabia kwanza. Anapika vile vijiti, moya, mbili, tatu, ine, kisha ndiyo inalia. Ile ya kwetu hakuna mwenye alihesabia."

Sijapata kusikia mtu akieleza roki vizuri zaidi ya hapo. Sauti ni kubwa, lakini inabisha hodi. Mpiga batri anagonga vijiti hewani mara nne, na kila mtu, hata mtoto, anajua itaanguka lini. Halafu kuna ule mkato: bendi nzima inanyamaza ghafla katikati ya wimbo, inahesabu kimoyomoyo, inarudi pamoja. Tulipokuwa tumejificha, kimya ndicho kilichotutisha kuliko mlio, kwa sababu hakuna aliyejua kitakatika saa ngapi. Kimya cha bendi kina urefu. Ukishakisikia mara mbili unaweza kukihesabu mwenyewe, na kikikatika unakuwa ulishajiandaa. Mara ya tatu uwanja mzima uliingia pamoja na batri, na nikaona mguu wa dada nao umegonga chini palepale ilipotakiwa. Alikuwa bado mlangoni, lakini alikuwa ndani ya wimbo.

Sisi tumezoea hesabu ya aina nyingine: siku ya uhakiki, kidole juu ya mashine, watu wangapi katika nyumba. Hesabu hiyo ni ya lazima na siichekeshi. Inakuambia uko wapi kwenye orodha. Ile ya vijiti inakuambia uingie lini.

Baada ya mapumziko ndipo tamasha lilipokuwa tamasha. Kulikuwa na wimbo wao wenyewe, wa Kiswahili, maneno machache juu ya barabara. Katikati, mpaji wa solo akakanyaga kile kipande cha chini kinachopasua sauti, na sote tukangoja yale mambo ya filamu, gitaa inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Yeye akapiga sebene.

Kwa ndugu wa mashirika ambao hamkukulia na hii: sebene ni sehemu ya wimbo wa Kongo ambapo maneno yanakaa pembeni, gitaa zinachukua kipande kifupi na kukizungusha, kukizungusha, mpaka kiuno kijibu. Kawaida inapigwa kwa sauti safi, tamu kama maji ya chupa. Huyu aliipiga kwa sauti ya kutu. Gitaa ya pili ikaelewa mara moja ikashika akompa, batri ikahamia kwenye sahani, na ile besi iliyotusumbua tangu saa mbili ikapata kazi yake. Fundi wa simu aligeuka atalaku, anaita majina ya mitaa ya Goma mmoja mmoja. Shemasi wetu alicheza. Nimeahidi kutosema zaidi ya hapo.

Wapo watakaosema huko ni kuchanganya vitu visivyopatana. Lakini tazameni historia. Roki yenyewe ilitoka kwa Weusi wa Marekani. Sister Rosetta Tharpe alikuwa anaimba nyimbo za Mungu na gitaa ya umeme mkononi kabla vijana wa Uingereza hawajajifunza kuishika, jambo ambalo nimemwambia shemasi mara mbili. Zaïko Langa Langa walipoanza Kinshasa, Desemba 1969, walikuwa vijana waliotupa tarumbeta za wazee wao wakaweka gitaa na batri mbele. Ukiwatazama kwa vyombo tu, hiyo ni bendi ya roki. Zambia, miaka ya 1970, bendi kama WITCH zilipiga roki ya gitaa zilizopasuka mpaka ikapewa jina lake, Zamrock. Na Kinshasa hiyohiyo, Konono Nº1 walichukua likembe, wakaiwekea maikrofoni walizojitengenezea kwa vyuma vilivyotupwa, sauti ikapasuka kwa sababu vifaa vilikuwa hivyo. Rekodi yao ya Congotronics ilipofika Ulaya, wapenzi wa roki walikuwa miongoni mwa walioikimbilia. Kwa hiyo kijana wa Nengo alipopiga sebene ya kutu hakukopa kwa mtu. Alipita kwenye njia ambayo wakubwa wake walishaifyeka. Ninachomlaumu ni kwamba alisubiri dakika arobaini.

Halafu mwimbaji akaharibu.

Alisimamisha bendi, akaomba taa za simu ziinuliwe, akasema kwa sauti ya msibani: wimbo unaofuata ni wa kuwakumbuka wakimbizi, wale wanaoteseka huko makambini. Huko! Tulikuwa hatua kumi kutoka kwenye maikrofoni yake. Fundi wa simu akapaza sauti: "Bwana, tuko hapa, na tumelipa!" Waliokuwa karibu walicheka. Mwimbaji hakusikia. Wimbo wenyewe ulikuwa wa polepole, wa kulia, na ulikuwa dhaifu kuliko zote, kwa sababu bendi ilikuwa imeacha kusikilizana ili ituhurumie.

Tabia hii ina historia ndefu na haikuanzia Gisenyi. Tarehe 1 Agosti 1971, George Harrison na Ravi Shankar walifanya tamasha New York kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Tarehe 13 Julai 1985 ikaja Live Aid, London na Philadelphia, kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Pesa zilikusanywa, na mwenye njaa hachagui pesa ilipitia kwenye wimbo gani. Lakini matamasha yale yaliacha picha kichwani mwa dunia: jukwaani kuna wanaoimba, chini kuna wanaosikiliza, na mahali fulani mbali, bila tiketi, kuna wanaoimbiwa. Mwimbaji wetu alikuwa ameijifunza picha hiyo mpaka hakuweza kuona watu wa mbali wakisimama karibu.

Kumbe katika Live Aid yenyewe kulikuwa na jibu. Mtu ambaye wengi wanamkumbuka zaidi kwa siku ile ya London ni Freddie Mercury wa Queen, wale wa miguu na makofi. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake iliondoka kisiwani ikaenda kuanza upya Uingereza. Kijana aliyekuwa amekimbia Afrika Mashariki alisimama Wembley miaka ishirini na moja baadaye, akaimbia uwanja mzima, na hakupanda pale kama mkimbizi. Alipanda kama mwimbaji, akapimwa kwa koo lake. Hiyo ndiyo heshima ninayoizungumzia, na msikilizaji naye anastahili yake: apimwe kwa masikio yake.

Majukwaa yanayofanya hivyo yapo, tena karibu. Goma ilikuwa na Tamasha la Amani. Lilipangwa 2013, usalama ukaliahirisha, likafanyika Februari 2014 kwenye uwanja wa Collège Mwanga, na waliojaa pale walikuwa watu wa Goma wenyewe, si picha zao. Malawi, katika kambi ya Dzaleka, Menes La Plume, mshairi wa Kongo aliyekuwa mkimbizi palepale, alianzisha tamasha la Tumaini mwaka huohuo wa 2014. Kule watu wa mjini ndio wanaoingia kambini kama wageni, wanalala kwa wakimbizi, wanakula kwao. Hakuna anayeweza kusema "huko makambini" akiwa amekaa kwenye stuli ya mwenye nyumba.

Nisipoandika linalofuata nitakuwa nimeandika nusu. Mwalimu alikuja na kofia, akaishusha mpaka kwenye nyusi, akatuomba tusimpige picha. Hakuwa anaogopa kanisa. Mwaka 2021 msaada wa chakula katika kambi za Rwanda ulianza kugawanywa kwa makundi: wenye uhitaji mkubwa walipewa zaidi, wa kati walipewa nusu yao, wa kundi la tatu hawakupewa. Mwalimu ana watoto watano. Aliwaza: picha ikizunguka kwenye simu, mtu akaiona, akasema huyu si anaenda kwenye matamasha? Sina ushahidi kwamba jambo kama hilo limewahi kumtokea mtu. Lakini hofu haihitaji ushahidi ili ikae kichwani, na ile franga elfu tatu alikuwa ameiweka miezi mitatu, kidogo kidogo.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, wengi wenu mnapenda muziki, tunawasikia kwenye magari. Mtu kuwa na jioni moja si kipimo cha sufuria yake. Na majirani zangu wa kambini mnaosema "wakimbizi gani hao wanaoenda kucheza", nawajibu kwa heshima: msiba wetu ni wa kweli, nao haukutuondolea viuno. Mwalimu huyohuyo Jumatatu asubuhi alikuwa darasani kabla ya kengele.

Nimesema tamasha lilipona. Baada ya ule wimbo wa huruma, mpiga batri hakungoja hotuba nyingine. Akainua vijiti, akagonga mara nne, wakarudi kwenye wimbo wao wa barabara na ile sebene ya kutu, ndefu kuliko mara ya kwanza. Waliumaliza kwa pigo moja, pa! wote pamoja, bila kufifia. Safari hii makofi yalijua saa yake.

Ushauri kwa vijana wale, kama jarida hili litawafikia. Wekeni jina lenu kwenye bango, ili tukiwasifu tujue tunamsifu nani. Anzeni na sebene. Shusheni besi. Kufifia waachieni watu wa studio. Na mwimbaji, mdogo wangu, sauti unayo, ila kabla ya kuwaimbia wakimbizi uliza kwanza nani yuko mbele yako, pengine wana wimbo wa kukuomba.

Wakirudi Nengo nitakwenda. Mwalimu amesema ataanza kuweka akiba mapema. Dada naye atakuja, ila ametuambia mlangoni hasimami tena, anataka upande wa batri.